Fikra Hewani kwa Fedha za Umma

Kipindi cha In Our Time cha BBC Radio 4 kilianza tarehe 15 Oktoba 1998 kwa mkataba wa miezi sita tu. Mtangazaji wake wa wakati huo, Melvyn Bragg, alikuwa ameingia Baraza la Malodi mwaka huohuo. Kwa sababu hiyo akalazimika kuacha kipindi chake maarufu cha Jumatatu na kupewa Alhamisi asubuhi, saa isiyotegemewa kuvuta watu. Leo kimepita matoleo 1,000. Ni kipimo kizuri kila linapozuka swali kama fedha za umma zitumike kurusha mazungumzo ya falsafa, sanaa na sayansi ambayo vituo vya biashara havina hamu nayo.

Muundo wenyewe ni mkavu. Kila wiki mada moja, wasomi watatu, dakika zisizofika 50, na hakuna ulazima wa kugusa habari za siku: wiki hii usanisinuru, nyingine Ibn Khaldun, nyingine dola ya Mali. Bragg hakuwa bingwa wa mengi ya hayo. Alijisomea, akauliza maswali ya msingi, na mgeni akipotea alimkatiza bila haya. Linganisha na hotuba: msomi Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipotoa Mihadhara ya Reith ya BBC mwaka 1979, alisikika peke yake, na msikilizaji akaachiwa azipime hoja mwenyewe. Katika mazungumzo, msomi hukosolewa papo hapo na wenzake wanaoijua mada sawa naye. Faida hiyo hotuba haina.

Wapinzani husema wengi wanalipia starehe ya wachache. Hoja hiyo ni kongwe. Third Programme, idhaa ya BBC iliyozinduliwa tarehe 29 Septemba 1946 kwa ajili ya sanaa na fikra, ilipunguziwa saa mwaka 1957, T. S. Eliot na waandishi wengine wakapinga bila mafanikio makubwa. Mwaka 1970 ikafutwa. Lakini idhaa ile ilikuwa ua wenye uzio: aliyeifungua alishaamua kuisikiliza. In Our Time, ingawa saa yake haikutegemewa, ilipangwa mara baada ya habari za asubuhi, ikamkuta hata mtu ambaye hakuitafuta. Mahali kipindi kinapowekwa huamua idadi ya wasikilizaji zaidi kuliko ugumu wa mada. Tena, tangu 2004 matoleo yake hupakuliwa kwenye intaneti, na kwa kuwa usanisinuru hauchakai kama habari za jana, gharama ya asubuhi moja huzaa kwa miaka.

Lawama yenye uzito zaidi ni kwamba wageni wengi hutoka vyuo vya Uingereza, na Ulaya imejaza orodha ya mada. Hilo ni kosa la uteuzi, na dawa yake ni kualika wengine; kukata fedha hakumleti mezani mtaalamu hata mmoja wa Timbuktu au Kilwa. Shirika linaloishi kwa ada ya lazima, kama BBC, lina wajibu wa kutenga walau saa moja kwa wiki kwa mazungumzo haya, na kuyarusha watu wakiwa macho.