Jiwe Lililosubiri Miaka 700

Ni Jumapili, chai iko mezani na watoto wanagombania ukurasa wa vibonzo. Kabla hujalirudisha gazeti kwao, niazime dakika chache nikupeleke mbali kidogo, hadi Perth, mji ulio kando ya mto huko Scotland.

Utaniuliza: Perth ya nini mimi nikiwa Umoja au Kariobangi? Nitakwambia. Siku hizi ni nadra kukosa jamaa ambaye ana mtoto, mpwa au binamu anayesoma ng'ambo. Nauli ikipatikana, mzazi huenda kumtembelea. Akifika huonyeshwa maduka, akapigwa picha kwenye baridi amevaa koti la kuazima, kisha akarudi nyumbani. Akibahatika kupelekwa katika jumba la makumbusho, hupita mbio mbio kama anayekimbilia matatu ya mwisho. Najua, kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka mwaka jana, nilipomsindikiza Mama kumwona ndugu yangu mdogo anayesomea Dundee.

Kutoka Dundee hadi Perth kwa treni hata nusu saa haifiki. Njia yafuata mto Tay, ambao ndio mrefu kuliko mito yote ya Scotland, kilomita zipatazo 190. Mama amezaliwa kando ya mto Tana, mto wa kilomita karibu elfu moja. Alichungulia dirishani, akatabasamu.

"Huu ndio mto mlionisifia?" akauliza.

Hata hivyo heshima yake kwa mto huo iliongezeka tulipofika kwenye daraja la zamani la mawe, lililofunguliwa mwaka 1771. Kwenye nguzo yake kumechongwa alama za kina cha maji ya kila mafuriko makubwa. Kuna ya mwaka 1814, na kuna ya Januari 1993, maji yalipoingia majumbani mwa watu. Mama alimshika mkono mjukuu wake, Neema, mwenye umri wa miaka minane, akamsimulia mvua za El Niño za 1997 na jinsi Tana ilivyomeza mashamba ya migomba. Basi hata kabla hatujalipa senti wala kufungua mlango wowote, tulikuwa tumeshaingia katika makumbusho ya kwanza.

Perth si mji mkubwa. Watu wake hawafiki elfu hamsini, ingawa mwaka 2012 ulirudishiwa hadhi ya kuitwa jiji. Lakini kwa uchache huo wa watu, una hazina zinazoweza kukujaza siku mbili. Jumba jipya la makumbusho, Perth Museum, lilifunguliwa Machi 2024 ndani ya ukumbi wa zamani wa mji uliojengwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ukarabati wake uligharimu pauni milioni 27. Kiingilio ni bure, jambo ambalo lilimfanya Mama kuniuliza mara mbili kama nina hakika.

Neema alivutiwa kwanza na samaki. Ni mfano wa samoni aliyevuliwa katika mto Tay mwaka 1922 na mwanamke aitwaye Georgina Ballantine. Samaki huyo alikuwa na uzito wa kilo 29, na bibi huyo alipambana naye zaidi ya saa mbili kabla hajamshinda. Hadi leo hakuna aliyevua samoni mkubwa kuliko huyo kwa ndoano katika Uingereza nzima. Ikiwa una binti nyumbani anayeambiwa kwamba kazi fulani ni za wavulana, hapo ndipo pa kumsimamisha.

Mama naye alisimama mbele ya mtumbwi. Umechongwa kutoka kwa shina moja la mwaloni, urefu wake ni kama mita tisa, na wataalamu wanasema una umri wa miaka ipatayo 3000. Ulionekana mwaka 2001 katika matope ya mto Tay, ukafukuliwa miaka mitano baadaye. Mama aliinama akautazama upande wa ndani, palipochongwa, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani: "Hivi ndivyo na sisi tunavyochonga." Mlinzi aliyekuwa karibu hakuelewa neno, lakini alitabasamu.

Kisha tukaenda kuliona jiwe.

Jiwe hilo ndilo linalowaleta wageni wengi Perth. Waskoti huliita Jiwe la Majaaliwa. Limewekwa katika chumba chake maalumu katikati ya jumba, na ingawa hulipi chochote, yafaa uagize tikiti ya saa yako mapema. Ukiingia ukitarajia dhahabu utavunjika moyo. Ni jiwe la mchanga, la mstatili, lenye uzito wa kilo 152.

"Shangazi, ni jiwe tu," Neema akaninong'oneza.

Ndiyo, ni jiwe tu. Lakini sikia kisa chake. Zamani wafalme wa Scotland walikuwa wakitawazwa juu yake huko Scone, mahali palipo karibu sana na mji wa Perth. Mwaka 1296 Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, aliivamia nchi yao, akalichukua jiwe na kulipeleka London. Huko liliwekwa chini ya kiti cha kutawazia wafalme, ili kila mtu ajue nani ni bwana na nani ni mtwana. Karne zikapita. Usiku wa Krismasi mwaka 1950 wanafunzi wanne wa Kiskoti walivunja mlango wa kanisa la Westminster Abbey wakalitorosha. Katika purukushani hiyo jiwe likakatika vipande viwili. Mwezi wa Aprili 1951 liliachwa katika magofu ya abasia ya Arbroath, nchini kwao, na serikali ikalirudisha London.

Waskoti hawakunyamaza. Mwaka 1996, miaka 700 kamili tangu lichukuliwe, jiwe lilirudishwa Scotland likawekwa katika ngome ya Edinburgh. Mei 2023 lilipelekwa London kwa muda tu, kwa ajili ya kumtawaza Mfalme Charles wa Tatu, likarudi. Na mwaka 2024 likaletwa Perth, jirani na pale lilipotolewa.

Nilipokuwa nikimweleza Neema haya, niligeuka nikaona Mama amekaa kimya. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa na yake.

Kwetu kwa upande wa Mama ni Wapokomo. Wapokomo walikuwa na ngoma takatifu iitwayo ngadji. Haikuwa ngoma ya harusi wala ya kuchezea watoto. Ilikuwa ngoma ya wazee, nayo ndiyo iliyobeba mamlaka yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni wa Kiingereza waliichukua. Leo imo katika ghala la British Museum, London. Babu yangu alimsimulia Mama habari za ngoma hiyo, naye babu alisimuliwa na waliomtangulia. Wote hao walisimulia kitu ambacho macho yao hayakupata kukiona.

"Kumbe na hawa waliporwa," Mama alisema mwishowe. Hakuongeza neno.

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimekuwa nikitembelea makumbusho vibaya maisha yangu yote. Nilikuwa nikiuliza swali moja tu: Hiki ni nini? Ilhali kuna maswali mengine matatu yaliyo muhimu zaidi. Kilikuwa cha nani? Kilifikaje hapa? Na nani anayenisimulia habari zake? Waskoti wenyewe wameyauliza maswali hayo juu ya jiwe lao kwa karne saba. Hakuna atakayetulaumu tukiyauliza juu ya vyetu.

Jumba hilo hilo la Perth lina vitu vilivyotoka mbali. Mojawapo ni joho la Wamaori wa New Zealand, lililosukwa kwa manyoya ya kasuku mkubwa asiyeweza kuruka, ambaye sasa ni nadra kuonekana. Ukifika mbele yake, jaribu maswali yale matatu.

Mchana tulipumzisha miguu katika Perth Art Gallery, ambalo ni jumba la picha. Humo mna kazi za John Duncan Fergusson, aliyezaliwa 1874 na kufariki 1961. Alikuwa mmoja wa wachoraji waliokwenda Ufaransa wakarudi na rangi kali za kuchangamsha macho. Kuanzia 1992 picha zake zilikuwa zikionyeshwa katika jengo la duara ukingoni mwa mto, ambalo hapo kale lilikuwa mtambo wa maji wa mji. Usiwaburute watoto mbele ya kila picha. Mwambie kila mmoja achague picha tatu tu, akae chini, kisha aeleze kwa nini. Neema alichagua picha ya mwanamke mwenye kofia. Alisema anafanana na mwalimu wake akiwa amekasirika. Hiyo ni sababu halali kabisa.

Kituo cha mwisho, kwa aliye na nguvu, ni kasri la Balhousie, yaliko makumbusho ya kikosi cha Black Watch. Hapo utalipa kiingilio. Ni kikosi mashuhuri cha Kiskoti, na watoto watafurahia mavazi na medali. Lakini wewe Mkenya usipite hapo kama mgeni wa kawaida. Askari wa kikosi hicho walitoka vita vya Korea wakaletwa Kenya mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, wakakaa hadi 1955 wakipigana na Mau Mau. Mmoja wa maafisa wao, Meja Archibald Wavell, mwana wa jemadari mkuu wa jina hilo hilo, aliuawa nchini mwetu Desemba 1953.

Yule aliyefia huku ana ndugu waliomlilia, na si haki kumdhihaki. Lakini pia wako nyanya na babu zetu waliofungiwa katika vijiji vya senyenge na kambi za kizuizini. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendeka, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Kwa hivyo unapopita katika makumbusho yoyote ya vita, tafuta jina la nchi yako, usome, kisha urudie lile swali la tatu: Nani anayesimulia, na nani ambaye hakuulizwa?

Sasa wewe ambaye huna safari ya Scotland, usifunge gazeti. Maswali hayo hayahitaji pasipoti. Anzia katika makumbusho ya kitaifa pale Museum Hill, Nairobi, au Fort Jesus ukiwa Mombasa. Tena kumbuka kwamba vitu hurudi. Mwaka 2007 vigango viwili vya familia moja ya Mijikenda, vilivyoibwa 1985, vilirudishwa kutoka Marekani. Vilirudi kwa sababu vilitambuliwa kwa picha iliyokuwa imepigwa kabla havijaibwa. Asiyejua alichopoteza atadai nini?

Kwa hivyo nakupa kazi ya nyumbani. Jioni ya leo, kabla ya taarifa ya habari, mpigie simu nyanya au babu, ama mzee yeyote wa ukoo aliyebaki. Muulize ni kitu gani kilikuwa cha heshima kwenu na ambacho hakipo tena. Kigoda, mkuki, ngoma, shanga, hata chungu. Nani alikichukua, au nani alikiuza? Andika jibu, uweke tarehe. Mtoto ndiye awe mwandishi, naye hatasahau.

Tuliporejea Dundee jua lilikuwa linashuka juu ya Tay na treni ilikuwa tupu. Neema alikuwa amelala mapajani mwa nyanyake. Nilidhani Mama naye amesinzia, mpaka aliponigusa bega.

"Mwanangu, ulisema jiwe lile lilikaa huko miaka mingapi?"

"Mia saba, Mama."

Alihesabu kwa vidole, polepole, kuanzia siku za babu yake hadi za mjukuu aliyelala.

"Yetu haijafika hata mia mbili," akasema. "Huyu akiamka, nitamweleza habari za ngadji tangu mwanzo."

Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.