Acheni Kunilia "Heri Uhuru"

Ukipanda matatu jioni Githurai kuelekea Mwiki (Mwiki yetu ya Ruiru, si ile ya Kasarani), hutafika nyumbani kabla mtu hajasema "heri Uhuru". Nauli imepanda? Heri Uhuru. Mshahara umekatwa tena? Heri Uhuru. Juzi mzee mmoja alisema hivyo na gari zima likaguna kukubali. Mimi nikanyamaza, na kimya hicho kimenisumbua hadi leo.

Heri Uhuru kwa lipi, jamani?

Alipoingia Ikulu 2013, deni la taifa lilikuwa takriban shilingi trilioni 1.9. Alipotoka 2022 lilikuwa limepita trilioni 8. Ushuru wa asilimia 8 kwenye mafuta, ambao Ruto aliufanya 16 mwaka 2023, ulianza Septemba 2018, Uhuru akiwa rais. Kwa hiyo ile nauli unayoililia, nusu ya kilio chako mpelekee Gatundu.

Na huyu Ruto alitoka wapi? Nani alimshika mkono akatuletea huku, wote wawili shati jeupe na tai nyekundu kama mapacha wa harusi? Uhuru alituuzia, akatuapia, kisha 2022 akaja kutuambia bidhaa ni mbovu, tumchukue Raila. Kiambu ikampa Ruto kura zaidi ya laki sita. Watu husema tulimsaliti. Aii, tulinunua kile alichotuuzia.

Wengine husema angalau hakuua watoto. Usiku wa Juni 25, 2024 milio ya risasi ilisikika Githurai, na sitaki mtu anipunguzie uzito wa usiku ule. Lakini Machi 2020, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao, Kiamaiko. Amiri jeshi mkuu alikuwa nani?

Kinachoniudhi zaidi ni ule upole wake. Mwaka 2016, akiwa Ikulu na vyombo vyote vya dola mkononi, aliulizwa kuhusu ufisadi akajibu kwa kuuliza: mnataka nifanye nini? Januari 2021 akatuambia, kwenye redio zetu za Kikuyu, kwamba bilioni 2 huibwa serikalini kila siku. Alisema kama jirani anayesimulia wizi wa kuku wa watu wengine. Sasa amestaafu, na mwanzoni mwa 2025 aliwaambia vijana wapiganie haki zao, yeye yuko nyuma yao. Nyuma kabisa, naona.

Mzee wa matatu aliniona nimenuna, akaniuliza, "Kijana, kwani wewe ulipigia nani?"

Nilishukia steji iliyotangulia ya kwetu ili nisijibu. Jibu ni hili: 2013 nilimpigia Uhuru. Agosti 2017, Uhuru. Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi ule Septemba mosi, ikanipa nafasi ya kufikiri upya ambayo wapiga kura wachache duniani wamewahi kupewa. Oktoba 26 nikaamka saa kumi na moja alfajiri, nikarudi foleni, nikampigia tena.