Quo vado? haikunichekesha

Wengi hapa mmeisifu filamu ya Quo vado?, na ni kweli kwamba mwaka 2016 iliingiza zaidi ya euro milioni 65 nchini Italia. Mimi sikucheka. Checco Zalone anacheza mtumishi wa umma anayegonga mihuri kwenye vibali vya uwindaji na kung'ang'ania ajira yake ya kudumu hata anapohamishiwa kwenye barafu za Norway. Wazo zuri kabisa! Lakini kila mara filamu inapokaribia kuuma, inaanza kubembeleza. Huko Norway anajifunza kupanga foleni na kuacha kupiga honi ovyo. Kisha anawaona waimbaji Al Bano na Romina Power kwenye runinga, machozi yanamtoka, na tabia zote tulizotakiwa kuzicheka zinageuka kuwa utamu wa nyumbani. Na vijana wa Italia wanaoishi kwa mikataba ya miezi michache? Wamewekwa pembeni, ilhali kiu yao ya kazi ya uhakika ndiyo inayoipa hadithi hii uzito. Mkitaka kichekesho kinachouma kweli, itazameni filamu ya Fantozzi ya mwaka 1975. Paolo Villaggio anacheza mhasibu anayedhalilishwa na mabosi wake, nawe unacheka huku umeumia.