Tusipige Soga Bashraf Ikipigwa

Likizo iliyopita, sisi waseminari wachache tulikwenda kusikiliza taarab Mji Mkongwe, si mbali na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Fidla, kanuni, udi, nai na kodiani vikaanza kulia, nasi tukaanza kupiga soga. Tulikuwa tunamsubiri mwimbaji. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka, akatutazama tu. Tuliona aibu, na tulistahili.

Kilichokuwa kinapigwa ni bashraf, kipande cha ala tupu chenye asili ya Uturuki. Kina umbo lake: sehemu ziitwazo khana, kwa kawaida nne, na baada ya kila khana hurudi kipande kile kile, taslim. Ni kama wimbo wa katikati kwenye Misa: shairi jipya, kiitikio kile kile. Ukishalijua hilo hupotei tena. Sikio linaingoja taslim, na ikirudi unaitambua.

Sisi wa falsafa tukitaja muziki wa klasiki ni Bach na Mozart, basi. Lakini Nadi Ikhwan Safaa ipo Unguja tangu 1905! Wengine wetu tutatumwa siku moja kufanya utume visiwani, ambako jirani zetu karibu wote ni Waislamu. Tutawaambiaje kwamba tunawaheshimu, hali hatujawahi kusikiliza dakika kumi za muziki wao bila kunong'ona? Tunawaomba walezi watutengee jioni moja ya bashraf, hata kabla ya Bach. Na mzee yule tukimkuta tena, tutakaa nyuma yake kimya.