NAFASI YA KAZI SI ZAWADI YA MKUBWA

Ndugu Wafanya Kazi,

Salamu kwenu nyote: mnaofagia barabara kabla ya jua kutoka, mnaozoa taka, mnaochimba makaburi, mnaotoza ushuru sokoni, mnaozima moto, mnaolinda malango usiku, na ninyi makarani, madereva na wauguzi wa kaunti. Twawaandikia juu ya jambo moja tu, nalo ni nafasi za kazi katika serikali za kaunti. Hutangazwa wapi? Hupewa nani? Na kwa nini ninyi mlio ndani mwaambiwa kila siku kwamba hazipo?

Mambo huwa hivi. Mzee mmoja wa gari la taka anastaafu. Mahali pake hapajazwi. Kazi yake wapewa vibarua wawili kwa karatasi ya miezi 3. Miezi 3 ikiisha, karatasi nyingine. Ikiisha hiyo, nyingine tena. Miaka yapita. Halafu siku moja tangazo labandikwa kwenye ubao wa makao makuu, ambako mtu wa gari la taka hafiki, maana yeye saa zote yuko barabarani. Siku za kuomba zapita naye hana habari. Mwezi wa pili yuaja kijana ambaye hajashika koleo hata siku moja, barua ya ajira iko mkononi, na yule kibarua wa miaka mingi aambiwa, "Mfundishe mwenzako kazi."

Je, hii ni haki? Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wenzetu wamepewa jembe miaka 8, miaka 10, na bado waitwa wageni.

Twajua mabwana wakubwa wana majibu yao. Tuyatazame moja moja.

Jibu la kwanza ni kwamba fedha hakuna. Wanasema Kanuni za Fedha za Kaunti za mwaka 2015 zimeweka mpaka: mishahara na marupurupu yasipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ni kweli, mpaka huo uko, wala hatuupingi. Fedha ikiishia katika mishahara, zahanati itakosa dawa na gari la taka litakosa mafuta, nasi ndio wa kwanza kutukanwa na wananchi. Lakini twauliza: yule kijana mpya amelipwa kwa fedha ya wapi? Kama fedha ilikuwapo ya kumwajiri yeye, ilikuwapo ya kumwajiri kibarua. Tena vibarua hulipwa kila mwezi. Wao si bure. Na wale wafanya kazi hewa, ambao wana majina katika orodha ya mshahara wala hawana mikono kazini, wao hawahesabiwi katika hiyo asilimia 35? Waondolewe hao kwanza, ndipo tuambiwe fedha hakuna.

Jibu la pili ni kwamba vibarua hawana vyeti. Hili nalo lina ukweli kidogo, kwa hiyo tusilipuuze. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ina haki ya kutaka mtu anayejua kazi. Lakini kujua kazi si lazima kutoke darasani peke yake. Mtu aliyetengeneza mabomba ya maji miaka 6 kwa mikono yake, ujuzi wake hauwezi kuwa si kitu kwa sababu hakumaliza sekondari. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 232, yasema watu waajiriwe na kupandishwa vyeo katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa kustahili. Kustahili ni pamoja na kazi ambayo mtu ameifanya na watu wameiona.

Jibu la tatu husemwa kwa kunong'ona: "Hizi ni kazi za wenyeji wa hapa." Na hapa, ndugu, twasema neno gumu kwetu wenyewe, maana si mabwana peke yao walisemao. Hata katika mikutano ya wanachama tumesikia mtu akisimama kutaka chama kiwazuie watu wa kabila lingine. Chama hakitafanya hivyo hata siku moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 65, yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasio wa kabila lililo kubwa katika kaunti hiyo. Twaiunga mkono sheria hiyo. Mfagiaji wa kabila moja na mfagiaji wa kabila lingine wafagia vumbi moja na mshahara wao wachelewa siku moja. Mkubwa akitaka kutuvunja, hana haja ya askari. Yamtosha kutuuliza baba zetu walizaliwa wapi.

Vyama vya wafanya kazi wa mabaraza havikuzaliwa jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi. Mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walifanya kazi moja, lakini mshahara haukuwa mmoja. Yeye na wenzake wakawakusanya watumishi Waafrika wa baraza, wakaanzisha chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa. Na mwaka 1953 alikwisha kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Siku zile mtu aliambiwa, "Nafasi hii si ya rangi yako." Mwaka 2013 mabaraza ya zamani, yaliyokuwa 175, yalikwisha, na kaunti 47 zikashika kazi. Rangi haitajwi tena. Lakini mtu akiambiwa, "Nafasi hii si ya asiye na mtu wake," tofauti iko wapi? Mlango ni ule ule, ila aliyeushika ndiye amebadilika.

Basi sheria yasemaje? Ndugu, isomeni, maana wengi wetu twanyimwa haki kwa kutoijua.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti chasema kwamba nafasi ya kazi ikitaka kujazwa, Bodi itawaita waombaji kwa tangazo na kwa njia nyingine, ili habari iwafikie watu wengi iwezekanavyo, hasa wale walio katika hali ya kunyimwa nafasi. Hakikusema tangazo lifichwe. Kubandika karatasi moja pahali ambapo wafanya kazi hawapiti si kuita watu, ni kuwakimbia.

Kifungu cha 77 cha sheria hiyo hiyo chasema mtu asiyeridhika na uamuzi wa Bodi, juu ya kuajiriwa, kupandishwa cheo au kuadhibiwa, aweza kukata rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufani iandikwe, tena ndani ya siku 90. Wenzetu wengi hukaa wakinung'unika mwaka mzima, kisha hukimbilia mahakamani, na huko huulizwa, "Je, ulikwenda kwa Tume kwanza?" Siku zimepita na kesi imekufa. Siku 90 si nyingi. Zihesabuni tangu siku ya uamuzi.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 kinawahusu vibarua. Kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi 1 au zaidi, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya jumla ya miezi 3, huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi, wala hafukuzwi bila notisi ya siku 28. Na aliyefanya miezi 2 mfululizo apate masharti ya sheria kama ambaye hakuanza kuwa kibarua, ikiwamo likizo. Hatutaki kuwadanganya: sheria hii haimpi mtu moja kwa moja kazi ya kudumu hadi kustaafu. Hiyo hutolewa na Bodi. Lakini yule afisa asemaye, "Wewe ni kibarua tu, kesho usije," avunja sheria, na chama kitamfuata.

Tena liko jambo la vyeti vya idhini: cheti cha polisi, cha kodi, cha mkopo wa masomo na vinginevyo. Watu wamekopa fedha ili kuvinunua, kisha hata kuitwa hawakuitwa. Mabadiliko ya Sheria ya Kazi ya mwaka 2022 yamekataza mwajiri kumdai mtu vyeti hivyo kabla ya kuwa na nia ya kumpa mkataba. Mkidaiwa mapema, mtuletee habari.

Sasa twasema juu ya madalali. Wako watu wanaouza nafasi. Mmoja hutaka mshahara wa miezi kadhaa mbele, mwingine hutaka mbuzi, mwingine hutaka mambo ya aibu kwa akina mama na wasichana. Anayetoa fedha hununua deni, maana aliyekuuzia kazi leo aweza kuiuza tena kesho kwa mwingine mwenye fedha zaidi. Na kama dalali huyo ni mtu wa chama, hata awe mwakilishi wenu wa kazini, leteni ushahidi. Tutamtoa. Hatuwezi kumwambia gavana asafishe nyumba yake huku ya kwetu imejaa taka.

Vile vile msituombe barua ya kukupeleka kwa mkubwa ili "akukumbuke." Twaombwa barua hizo kila wiki, nasi hatuziandiki. Kazi ya chama ni kuufungua mlango kwa wote, si kumpitisha mmoja dirishani. Tukimpitisha mmoja leo kwa sababu twamjua, kesho hatutakuwa na kinywa cha kumlaumu afisa aliyempitisha shemeji yake.

Mambo tunayoyadai ni haya:

1. Kila tangazo la kazi libandikwe katika kila depo, soko, zahanati na ofisi ya wadi, kwa Kiswahili pia, tena lisomwe asubuhi watu wanapokusanyika kupewa kazi.

2. Kila idara itoe orodha ya vibarua wake na tarehe walizoanza, na Bodi iwahesabie miaka yao ya kazi wanapoomba nafasi.

3. Majina ya walioitwa na ya waliopata yatangazwe wazi, pamoja na sababu.

4. Makato ya pensheni na ya chama yapelekwe yanakotakiwa. Fedha iliyokatwa mshahara wa mtu ni mali ya mtu huyo, si akiba ya mweka hazina.

Nanyi, ndugu, yako mambo ambayo hakuna atakayewafanyia:

Wekeni karatasi zenu. Kila mkataba wa miezi 3, kila karatasi ya mshahara, kila ujumbe wa malipo katika simu, hata daftari la mahudhurio lililopigwa picha. Sheria ya Kazi yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na mwajiri akishindwa kuuonyesha mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti ni wake. Lakini dai lisilo na karatasi ni dai linalochechemea.

Tafuteni vyeti vya ufundi. Fundi bomba, mwashi, fundi umeme na mekanika aliyejifunzia kazini aweza kufanya gredi testi ya Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, kuanzia gredi 3 hata gredi 1. Anayejua kusoma amsaidie mwenzake kujaza fomu. Hapo ndipo tutamnyang'anya mkubwa lile jibu lake la pili.

Ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yampa kila raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma, na ofisi yapaswa kuamua ombi ndani ya siku 21. Ukitaka kujua ni watu wangapi waliomba na wangapi waliajiriwa, andika barua, weka nakala, pigisha muhuri wa kupokelewa.

Mwisho, lipeni ada zenu na mje mkutanoni. Wenye kazi za kudumu wengine husema, "Mambo ya vibarua hayanihusu, mimi nina pensheni." Ndugu huyo ajue kwamba kila nafasi inayogeuzwa kuwa kibarua ni mwanachama mmoja aliyepungua mezani siku ya kujadili mshahara wake yeye. Wakibaki wachache wenye barua na wengi wasio nayo, mwajiri hatakuwa na haja ya kujadiliana na mtu. Leo amnyima kibarua, kesho atakunyima wewe, nawe utatazama nyuma usione aliyebaki wa kukusaidia.

Nafasi ya kazi katika kaunti hulipwa kwa kodi ya mama muuza mboga na ya mkulima. Si mali ya gavana, si mali ya afisa, wala si mali ya chama. Ni ya anayestahili, na anayestahili apewe njia ya kuiomba mchana, mbele ya watu.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Ni sisi,
Halmashauri ya Tawi