Barua ya Paroko Katika Dirisha la Viza

Siku ya Vijana Duniani itaadhimishwa mjini Seoul, Korea ya Kusini, kuanzia tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027, na tayari maswali yanayofika katika ofisi za parokia zetu si ya katekesi peke yake. Vijana wanauliza habari za pasi za kusafiria, taarifa za benki na barua za utambulisho. Ndivyo ilivyokuwa pia katika Jubilei ya mwaka 2025: waamini waliotamani kupita Mlango Mtakatifu huko Roma walitambua mapema kwamba upo mlango mwingine unaotangulia, nao uko Dar es Salaam, katika ofisi ya maombi ya viza. Tunapenda kuutafakari mlango huo, kwa kuwa yanayotendeka hapo yanagusa haki baina ya mataifa, na yanagusa vilevile ukweli wetu sisi wenyewe. La kwanza husemwa mara nyingi, tena kwa uchungu. La pili husemwa kwa kunong'ona tu.

Tuanze na utaratibu wa safari za Ulaya, maana ndizo zinazowahusu mahujaji wetu wengi, na wapo wanaoumia kwa kutoujua. Hujaji wa Roma haombi viza kwa Mji wa Vatican. Njia yake hupita Italia, na Italia ni mojawapo ya nchi 29 za eneo la Schengen, zinazotumia viza moja na kanuni moja. Ombi hupelekwa kwa nchi ambayo hujaji atakaa siku nyingi zaidi. Kundi litakalolala Roma siku tano, Lourdes siku mbili na Fatima siku mbili huomba Italia, hata kama ndege itatua kwanza Paris. Siku zikilingana, ndipo huangaliwa nchi ya kuingilia. Ombi laweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla yake. Kwa kawaida jibu hutolewa ndani ya siku 15, lakini ubalozi ukihitaji uchunguzi zaidi, muda huo waweza kufika siku 45. Kundi linalosubiri michango yote ikamilike mwezi mmoja kabla ya kuondoka limekwisha kujiweka mahali pabaya.

Balozi nyingi siku hizi zimeyakabidhi makampuni binafsi kazi ya kupokea mafaili, kupiga picha na kuchukua alama za vidole vyote kumi. Anayeomba kwa mara ya kwanza hana budi kufika yeye mwenyewe. Jambo moja lieleweke vizuri: mhudumu wa dirishani hana mamlaka ya kutoa viza wala ya kuinyima. Uamuzi ni wa ubalozi peke yake. Kwa sababu hiyo, kishoka anayesimama nje ya jengo na kudai kwamba "ana mtu wake ndani" huuza hewa, hata kama huyo mtu yupo kweli.

Sasa gharama. Tangu tarehe 11 Juni 2024, ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Ombi likikataliwa, fedha hiyo hairudi. Juu yake kuna ada ya huduma ya kampuni, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, nauli na malazi. Mwamini wa Kigoma au Sumbawanga husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kuweka vidole vyake juu ya kioo kwa dakika chache. Mwaka 2024 nchi za Schengen zilipokea maombi zaidi ya milioni 11.7 kutoka duniani kote, na takriban 15 katika kila 100 yalikataliwa. Kwa mfanyabiashara mkubwa, euro 90 zilizopotea ni kero. Kwa mama wa WAWATA aliyeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mitatu, ni sehemu ya mavuno ya msimu.

Mtalii kutoka Italia anayekuja kuiona Serengeti hulipa dola 50, na anaweza kuipata viza yake kwa njia ya mtandao au hata uwanjani anapotua. Hatusemi kwamba Tanzania nayo ingefunga milango ili kulipiza. Tunasema tu kwamba tofauti hiyo ipo na kwamba inauma. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1952, humhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mtu anayekusudia kuhamia huko, mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Mwezi Oktoba 2025 iliiongeza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000 kabla ya kupewa viza ya namna hiyo. Wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868, ambao tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, hawakuulizwa taarifa ya benki.

Maandiko Matakatifu yanayo habari inayofaa sana kusomwa katika foleni ya viza. Katika sura ya 22 ya Matendo ya Mitume, Paulo amekwisha kufungwa kamba ili apigwe mijeledi, ndipo anapomwambia akida kwamba yeye ni raia wa Roma. Jemadari anakuja, anashangaa, na kukiri kwamba yeye mwenyewe aliupata uraia huo kwa fedha nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye alizaliwa nao. Papo hapo waliotaka kumtesa wanarudi nyuma kwa hofu. Mgongo ni ule ule na mashtaka ni yale yale. Kilichobadilika ni uraia tu. Mtakatifu Luka haongezi maelezo, lakini msomaji makini hawezi kukosa kujiuliza habari za wale wengine waliofungwa kamba zile zile bila kuwa na la kusema. Pasi ya kusafiria ya nchi tajiri ni kitu ambacho mtu huzaliwa nacho, si tuzo ya wema wake. Na kuikosa si ushahidi wa hila.

Mtakatifu Yohane XXIII, katika Waraka wake wa Kitume "Pacem in terris" wa tarehe 11 Aprili 1963, aliuhesabu uhuru wa mtu kusafiri na, panapokuwa na sababu za haki, kuhamia nchi nyingine kuwa miongoni mwa haki za binadamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inazikumbusha nchi zenye neema zaidi wajibu wa kumpokea mgeni kadiri zinavyoweza. Namba hiyo hiyo, ambayo mara nyingi tunaikatia njiani, inamkumbusha pia mgeni wajibu wake wa kuziheshimu sheria za nchi inayompokea. Mafundisho hayo mawili yaliandikwa pamoja, nasi tuyasome pamoja.

Sababu inayokutwa mara kwa mara katika fomu za kukataliwa ni kwamba ubalozi una mashaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza yake haijaisha. Nia haina picha wala mhuri, kwa hiyo ubalozi hutafuta alama zake: ajira, mali, familia, safari za nyuma. Hapa ndipo watu wetu wengi wema wanapoangukia, si kwa kukosa mafungamano na nyumbani, bali kwa sababu mafungamano yao hayamo katika karatasi. Mzee wa shamba la kahawa alilorithi kwa babu yake, mwenye ng'ombe sita, wajukuu tisa na uongozi wa jumuiya, amefungwa na ardhi yake kuliko kijana mwenye mshahara wa mjini. Lakini kwa afisa asiyemfahamu, yeye ni mtu asiye na ajira wala akiba benki. Fedha yake imo katika kikoba, katika gunia stoo na katika simu.

Kwa hiyo maandalizi ya hija yaanze mbali na dirisha la viza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hatimiliki ya kimila. Anayeipata amefanya jambo jema kwa watoto wake hata kama hatasafiri kamwe. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, kitabu cha SACCOS, taarifa ya miamala ya simu, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ni lugha ambayo ubalozi unaisoma. Mtu asione haya kueleza kwa barua fupi jinsi anavyopata riziki yake: mavuno hutoka mwezi gani, nani anabaki na mifugo, nani analipia safari na kwa nini. Barua ya kweli yenye maisha ndani yake hueleweka kuliko fomu iliyojazwa na mtu wa pembeni kwa maneno yale yale aliyowajazia wengine ishirini.

Tunafika sasa kwenye lile linalosemwa kwa kunong'ona. Wapo wanaokopa fedha kwa juma moja, wakaijaza akaunti, wakachapisha taarifa ya benki, kisha wakairudisha. Wapo wanaojipatia barua ya ajira kutoka kampuni ambayo hawajawahi kuingia mlango wake. Na wapo, tuseme bila kuzunguka, wanaokwenda kwa paroko kuomba barua ya utambulisho wakati katika jumuiya yao hakuna anayewajua. Paroko ana shughuli nyingi, anaombwa na mtu anayemheshimu, anaona ni tendo la huruma, naye anatia sahihi na kupiga mhuri. Amri ya nane haina msamaha wa pekee kwa mambo ya uhamiaji. Hoja kwamba mfumo hauna haki, hata ikiwa ya kweli, haiufanyi uongo kuwa ukweli; na gharama yake hailipwi na nchi tajiri, bali humwangukia mwamini atakayefuata.

Barua hizo zina historia ndefu kuliko viza zenyewe. Mtakatifu Paulo, anapomtambulisha Febe kwa Wakristo wa Roma katika sura ya 16 ya Waraka wake, anafanya hasa kile ambacho paroko hufanya leo: anasema huyu ni nani, amefanya kazi gani katika Kanisa la Kenkrea, na anaomba apokelewe. Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451 ulikataza mapadre na mashemasi wageni kuhudumu katika mji mwingine bila barua kutoka kwa Askofu wao, kwa sababu barua ilikuwa ahadi ya Kanisa moja kwa Kanisa jingine. Aliyeandika alimjua aliyemwandikia habari zake. Ondoa kujuana huko, na mhuri unabaki kuwa wino.

Kabla ya Siku ya Vijana Duniani ya Lisbon mwaka 2023, vyombo vya habari viliripoti kwamba baadhi ya mahujaji kutoka Angola na Cape Verde hawakuonekana tena katika makundi yao baada ya kuingia Ureno. Waliingia kwa viza halali, na pengine kila mmoja alikuwa na sababu yake. Hatuna haja ya kuwahukumu. Lakini habari kama hizo husomwa katika balozi zote, na atakayezilipia ni katekista wa kijijini anayeomba mwaka unaofuata. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025, nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaoandika kila mgeni anapoingia na anapotoka, hivyo anayezidisha siku hujulikana bila kutafutwa.

Tunadhani parokia zaweza kuchukua hatua ambazo hazihitaji fedha. Ombi la barua lianzie kwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, anayejua nani husali na nani huzika wenzake. Paroko aandike tu yale anayoyajua: huyu ni mwamini wetu tangu mwaka fulani, ana wajibu huu, anasafiri na kundi hili, asiahidi kwa niaba ya mtu yale yaliyo moyoni mwake. Nakala ibaki katika faili, na namba ya simu iliyoandikwa iwe ile inayopokelewa, maana balozi huweza kupiga kuuliza. Anayerudi apokelewe na kundi na aonyeshe pasi yake yenye mihuri. Parokia inayoweza kusema "tulipeleka kumi na wawili, wakarudi kumi na wawili" ina neno la kumwambia konseli. Maaskofu wetu nao, wanapokutana na ndugu zao wa Ulaya, watakuwa na ujasiri wa kudai kwamba mahujaji maskini wasitozwe fedha isiyorudi kwa sababu ya mashaka matupu.

Kwa aliyekataliwa, kanuni za Schengen zinaudai ubalozi utoe sababu kwa maandishi na humpa mwombaji haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyotoa uamuzi. Muda wa rufaa hutofautiana, hivyo barua isomwe siku ile ile inapopokelewa. Mara nyingine ni rahisi zaidi kuomba upya, ukiongeza karatasi iliyokosekana. Jina lake lisifutwe katika orodha ya kundi. Aendelee kuhudhuria mafungo ya maandalizi, achangie nia zake zipelekwe na wenzake, na siku ya kuondoka awepo kwenye Misa ya kuwaaga. Kwa vijana, jimbo liandae adhimisho lake siku zile zile za Agosti 2027, na walionyimwa viza wapewe kazi ya kuliongoza.