Kurani ni ya Kiarabu, sawa. Lakini umeielewa?

Wasee, tuongee. Wiki jana niliposti klipu ya dakika mbili. Nasoma aya chache za Suratul-Mulk, halafu naeleza maana yake kwa Kiswahili hiki hiki chetu cha Bondeni. Kufika Isha nilikuwa nimeshapewa majina yote. Msee mmoja akaandika: "Hiyo si Kurani, hiyo ni Kiswahili. Tubu." Mwingine, Mkristo tuliyesoma naye, akauliza mbona tunang'ang'ania Kiarabu, "si hiyo ni Biblia yenu tu?"

Nianze na wa pili, juu huyo amekosea kwa nia njema. Kurani si "Biblia ya Waislamu". Sisi hatusemi Mtume Muhammad aliandika kitabu, wala hatusemi watu wema waliongozwa na Mungu wakaandika. Tunaamini ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiarabu, yaliyoteremshwa kwa Mtume kupitia Jibrili kidogo kidogo kwa miaka kama 23. Hata jina lenyewe linatoka kwenye kusoma kwa sauti. Kile kitabu unachokiona juu ya kabati kwetu ni msahafu. Kurani ni yale maneno. Ndiyo maana mtoto wa Kaptembwo na mtoto wa Jakarta wakisimama kuswali wanasoma Al-Fatiha ileile. Ukitaka kulinganisha na kitu cha kanisani, fikiria vile Mkristo anavyosema Yesu ndiye Neno. Hapo utapata picha kwa nini mtu wetu anatia udhu kabla ya kushika msahafu. (Najua kuna watakaonirukia kwa huo mfano. Karibuni.)

Kwa hivyo yule wa kwanza ako sahihi. Kiswahili changu si Kurani. Ni tafsiri, kazi ya binadamu, na binadamu hukosea. Huwezi kuswali nayo. Hapo hatuna ubishi. Shida ni vile anautumia huo ukweli kufungia watu mlango.

Mimi nimelelewa nje ya huo mlango. Kwenye madrasa niliyosoma, mwalimu alikuwa na sauti tamu na fimbo ndefu. Nikiwa na miaka 11 nilimuuliza neno fulani lina maana gani. "Wewe soma. Maana utajua ukiwa mkubwa." Haya, nikawa mkubwa. Nikahifadhi juzuu tatu, tajwidi safi kabisa, na maana ya sentensi hata moja sijui.

Halafu nyanya akafariki. Usiku tukaketi mikekani tukasoma Yasini. Binamu yangu mdogo, miaka minane, alikuwa ameegemea goti langu. Nilipomaliza akaninong'oneza: "Hapo umesema nini kuhusu nyanya?" Buda, sikuwa na jibu. Nikamwambia ni dua tu. Yaani nilimdanganya mtoto matangani.

Miezi kadhaa baadaye ndiyo nikafungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Kule mwishoni mwa Yasini kuna mtu anayeuliza nani ataihuisha mifupa ikishaoza, na anajibiwa kwamba ni yule aliyeiumba mara ya kwanza. Aki nililia. Jibu la yule mtoto lilikuwa mdomoni mwangu usiku ule, na mimi sikulijua.

Sasa njoo uniambie kutafsiri ni kuidharau Kurani.

Al-Farsy hakuwa mtu wa TikTok. Alikuwa mwanazuoni wa Zanzibar, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na tafsiri yake kamili ilitoka 1969. Kabla yake Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, Kadhi Mkuu pia, alianza kuifasiri akafariki 1947 kabla ya kumaliza. Hao Kiarabu chao kilikuwa kizito kuliko cha kila aliyenitukana inboksi. Na unajua nani aliwatangulia kuimaliza yote? Kasisi Mwingereza aliyekuwa Zanzibar, Godfrey Dale, 1923. Kisha Ahmadiyya wakatoa yao Nairobi 1953, na masheikh wetu wakaipinga sana. Piga hesabu: kutoka 1923 hadi 1969 ni miaka 46 ambayo Mswahili wa Sunni akitaka kusoma Kurani nzima kwa lugha yake, anaenda kwa watu ambao sheikh wake hawakubali. Leo ni vilevile, ila anaenda kwa klipu ya sekunde thelathini ya mtu aliyekata aya katikati.

Na Kurani yenyewe inasemaje? Mwanzoni mwa sura Yusuf inaeleza kwamba imeteremshwa kwa Kiarabu, na sababu inayotolewa ni ili watu waelewe. Watu wa Makka waliisikia kwa lugha ya mama. Kuna walioamini wakilia na kuna waliotoka wamekasirika, lakini hakuna aliyetikisa tu kichwa akingoja "Amin" kama sisi.

Sisemi tuache Kiarabu. Nataka Kiarabu zaidi, cha sarufi na maana, na si herufi peke yake. Na kabla mtoto hajafika huko, aelezwe kwa Kiswahili. Wazee wa kamati, kila Ramadhani mnachangisha zulia na spika mpya. Shikamooni, lakini mwaka mmoja tu changisheni mshahara wa mwalimu anayekubali kuulizwa maswali.

Binamu yangu sasa ana miaka kumi. Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa nje kwao, aya moja kwa Kiarabu, halafu maana. Juzi aliniuliza kwa nini Suratul-Fil inataja ndovu, nikamsimulia jeshi la Abraha, akauliza ndovu walifika Makka vipi. Hiyo ilinishinda, tukampigia ustadh mmoja wa Naivasha simu na bando langu likaishia hapo hapo.

Na klipu siitoi.